Hodi Bila Mwenyeji

Mila yetu ya kubisha hodi kila mtu anaijua. Mgeni hubisha mara ya kwanza, akabisha ya pili, na ya tatu asiposikia "karibu" hugeuka akaenda zake. Hakuna wa kumlaumu, si mgeni wala mwenyeji. Atarudi jioni. Lakini mgeni huyo akiwa amebeba kifurushi cha mtu, na ana nyumba nyingine mia za kupitia kabla jua halijatua, hapo hodi inakuwa jambo jingine kabisa.

Katika miji ya Ulaya, Marekani na Japani watu wamelalamika miaka mingi juu ya jambo ambalo kwa masikio yetu linachekesha kidogo: wanaletewa vitu mpaka mlangoni, halafu wanakasirika! Wanakasirika kwa sababu mletaji huja saa nne asubuhi, saa ambayo mwenye nyumba yuko kazini. Anakuta mlango umefungwa, anaacha kikaratasi cha kusema tulifika hatukukukuta, anaondoka. Mwenye nyumba anarudi jioni amechoka, anakiokota kikaratasi chake. Sasa achague: ama aombe ruhusa kazini akae nyumbani siku nzima kungoja kisanduku cha viatu, ama asafiri hadi ghala lililo nje ya mji, ambalo nalo hufungwa saa zile zile anazotoka kazini.

Ndugu msomaji, usicheke upesi. Nataka tujiulize swali moja la kihistoria. Huduma ya kupeleka vitu majumbani mchana ilianzishwaje, ikiwa mchana watu wako kazini? Walioianzisha hawakuwa wajinga. Jibu langu ni kwamba wakati ule nyumbani palikuwa na mtu. Mtu huyo jina lake halikuandikwa juu ya kifurushi, wala hakulipwa hata senti moja kwa kusubiri, lakini huduma nzima ilimwegemea yeye. Alipoondoka, ndipo ulimwengu ulipogundua kwamba alikuwepo.

BARUA YATAFUTIWA TUNDU

Tuanzie Uingereza, maana ndiko mambo mengi ya posta tuliyorithi yalikotoka. Kabla ya mwaka 1840, barua nyingi huko zililipiwa na aliyezipokea, si aliyezituma. Mleta barua alibisha mlango, akangoja mtu atoke, akataja bei, akangoja pesa zitafutwe, na pengine akaambiwa barua yenyewe haitakiwi. Hebu piga picha mtaa mzima wa namna hiyo! Muda wa mleta barua uliishia mlangoni.

Rowland Hill, aliyeandika kijitabu chake maarufu juu ya posta mwaka 1837, ndiye aliyependekeza kwamba mtumaji alipe kwanza, tena bei iwe moja kwa nchi nzima. Januari 1840 bei ikawa peni moja, na mwezi Mei mwaka huo huo ikaanza kutumika stempu ya kwanza ya kubandika, ile nyeusi yenye kichwa cha Malkia Victoria. Pesa zikawa zimeshalipwa, basi hapakuwa tena na sababu ya kumngoja mtu atoke. Kilichohitajika ni tundu tu mlangoni. Posta ikaanza kuwahimiza wananchi watoboe milango yao. Si wote waliofurahi. Inasimuliwa kwamba bwana mkubwa mmoja, Marquess wa Londonderry, aliandika kwa hasira kuuliza kama kweli wanamtarajia atoboe mlango wake wa mbao za mkangazi.

Wamarekani walichelewa zaidi. Huduma ya kupelekewa barua nyumbani bila malipo ya ziada ilianza katika miji yao tarehe 1 Julai 1863, wakati vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea. Nao wakapata tabu ile ile: mleta barua alipiga filimbi au kubisha, akasimama kungoja. Ilibidi wafike mwaka 1923 ndipo Idara ya Posta ikatoa amri kamili: nyumba isiyo na tundu wala sanduku la barua haitapelekewa kitu.

Kwa hiyo tatizo la barua lilikwisha. Karatasi ni nyembamba, inapita. Mwenyeji awepo, asiwepo, barua inalala sakafuni inamngoja yeye. Zingatia hapo: sasa barua ndiyo inayomngoja mtu. Kabla ya hapo mtu ndiye aliyeingoja barua.

KIFURUSHI HAKIPITI TUNDUNI

Tarehe 1 Agosti 1883 Posta ya Uingereza ilianza kupeleka vifurushi. Mkuu wa Posta alikuwa Henry Fawcett, mtu aliyekuwa kipofu tangu ujana wake kwa ajali ya bunduki walipokuwa wakiwinda na baba yake. Kifurushi hakikuruhusiwa kuzidi ratili 7. Hata jina la kazi lilibadilika mwaka ule. Yule aliyeitwa mchukuzi wa barua akaanza kuitwa mtu wa posta, kwa kuwa mzigo wake haukuwa tena barua peke yake.

Ratili 7 haziingii kwenye tundu la mlango. Basi tumerudi kwenye hodi. Lakini, ajabu, hatusikii kilio kikubwa cha Waingereza wa zama zile kwamba vifurushi viliwakosa. London ya miaka ile ilipelekewa barua mara sita, mahali pengine hata mara kumi na mbili kwa siku, na juu ya hapo walikuja muuza maziwa, kijana wa mwoka mikate, kijana wa buchani, na magari ya farasi ya maduka makubwa. Siku nzima milango ilibishwa. Nani aliifungua?

Iliifungua mikono ya watumishi wa ndani. Katika Uingereza ya mwisho wa karne ya 19, utumishi wa majumbani ndio uliokuwa kazi kubwa kuliko zote kwa wanawake. Zaidi ya milioni moja walikuwa wakiifanya, wengi wao wasichana wadogo kutoka vijijini. Nyumba za wenye nazo zilikuwa hata na mlango wa pili, wa nyuma au wa chini, kwa ajili ya wachuuzi na wachukuzi, ili mizigo isikutane na wageni wa heshima. Na katika nyumba za watu wa kawaida, zisizo na uwezo wa kuajiri, alikuwepo mke mwenyewe, au bibi, au jirani wa upande wa pili wa ukuta.

Marekani mambo yalikuwa hivyo hivyo. Posta yao ilianza kupeleka vifurushi tarehe 1 Januari 1913, mwanzo visivyozidi ratili 11. Watu wa mashamba ya mbali, waliokuwa wamezoea kuagiza vitu kwa katalogi kutoka Chicago, waliishangilia mno. Wengine walishangilia kupita kiasi: mwezi ule ule wa kwanza wazazi fulani wa Ohio walimtuma mtoto wao mchanga kwa bibi yake, umbali wa kama maili moja, kwa stempu za senti 15. Mleta barua akambeba, akamfikisha salama. Sisi tunaposikia kisa hicho tunacheka juu ya mtoto. Mimi namtazama bibi. Mtoto yule alitumwa bila wasiwasi kwa kuwa hakuna aliyekuwa na shaka kwamba bibi yuko nyumbani.

Hilo ndilo lililokuwa jengo lenyewe. Stempu ililipia treni, farasi na miguu ya mtu wa posta. Kungoja mlangoni hakukuwemo katika hesabu, kwa sababu kulikuwa kazi ya mwanamke, na kazi ya mwanamke ndani ya nyumba haikuhesabiwa kuwa kazi.

Hapa pana jambo linalonifurahisha kila nikilifikiria. Huyo Henry Fawcett aliyeanzisha vifurushi alikuwa mume wa Millicent Garrett Fawcett, mmoja wa viongozi wakubwa wa kudai haki ya kupiga kura kwa wanawake wa Uingereza, na mmoja wa waliosaidia kuanzisha Newnham, chuo cha wanawake kule Cambridge, mwaka 1871. Mume alijenga huduma inayotegemea kwamba kuna mtu nyumbani. Mke alitumia maisha yake kuhakikisha kwamba mtu huyo anaweza kutoka. Sijui kama waliwahi kulizungumza mezani, lakini karne iliyofuata ilikuwa mazungumzo yao.

MLANGO UNAFUNGWA

Vita vikuu viwili viliwatoa wasichana katika jiko la watu, vikawapeleka viwandani na maofisini, na wengi hawakurudi. Kisha wakatoka wake wenyewe. Mwaka 1971 wanawake wa Uingereza waliokuwa na kazi ya mshahara, katika umri wa kufanya kazi, walikuwa kama asilimia 53. Mwaka 2013 walifika asilimia 67. Kila mmoja aliyetoka asubuhi aliufunga mlango nyuma yake, na mlango ule ukawa hauna wa kusema "karibu".

Kwa muda hali haikuonekana sana, kwani watu walikwenda madukani wenyewe siku ya Jumamosi. Kisha mwezi Julai 1995, kule Seattle, kampuni ya Jeff Bezos iitwayo Amazon ikafungua duka la vitabu lisilo na mlango, la kuagiza kwa kompyuta. Baada ya vitabu yakaja mengine yote. Basi mambo mawili yakagongana: vifurushi viliongezeka kuliko wakati wowote katika historia, na majumbani hapakuwa na mtu. Ratiba ya mletaji ilikuwa bado ile ya mwaka 1883, saa za kazi, maana yeye naye ni mfanyakazi. Wote wawili wako kazini saa zile zile. Watakutana wapi?

Wajapani walijaribu kulitatua kwa adabu. Kampuni ya Yamato ilianza huduma yake ya kupeleka vifurushi majumbani mwaka 1976, na siku ya kwanza ilikuwa na vifurushi 11 tu. Baadaye ilimruhusu mteja achague saa za kuletewa, hata usiku, na asipokuwepo dereva alirudi tena bila kudai chochote. Uungwana mtupu! Lakini uungwana huo ulilipwa na nani? Serikali ya Japani ilipofanya hesabu, mwaka 2015, ilikadiria kwamba karibu kifurushi kimoja katika kila vitano kililazimika kupelekwa tena, na kwamba huko kurudia-rudia kulikuwa sawa na nguvu kazi ya madereva 90,000. Mwaka 2017 Yamato ikafuta nafasi ya kuletewa kati ya saa sita na saa nane mchana. Sababu? Ili madereva wapate kula chakula cha mchana.

Nirudie, maana ni jambo dogo lenye uzito. Miaka arobaini watu walisifu huduma iliyofika saa yoyote, na katika saa hizo yalikuwemo matumbo ya watu yenye njaa.

Uingereza nako, mwaka 2019, Ken Loach alitoa filamu juu ya dereva wa vifurushi wa mji wa Newcastle, ambaye kwa jina amejiajiri, lakini kwa kweli anatawaliwa na mashine ya mkononi inayohesabu kila dakika yake. Jina la filamu ni yale maneno ya kikaratasi, ya kuomba radhi kwamba hatukukukuta. Ukiyasoma mlangoni, maneno hayo yanamhusu mteja asiyekuwepo. Katika filamu yanaihusu familia ya dereva, ambayo nayo haimkuti baba yake.

Naam, kumngoja mtu hakukutoweka kwa kuwa mwanamke alitoka. Kulihamishwa. Kwanza kulimwangukia mteja, anayekata siku ya likizo yake. Kisha jirani mstaafu, aliyegeuzwa ghala la mtaa bila kuulizwa. Kisha dereva, anayezunguka mara mbili na tatu. Mwisho wakaanza kuhamishia kwenye chuma. Wajerumani, mwanzoni mwa miaka ya 2000, waliweka makabati ya vifurushi njiani, mtu anafungua kwa namba yake ya siri saa yoyote ya usiku. Wapolandi wakafuata mwaka 2009. Amazon nayo ikaweka ya kwake mwaka 2011, na mwaka 2017 ikaenda mbali zaidi: ikatangaza kufuli la nyumba ambalo mletaji anaweza kufunguliwa aingize mzigo ndani mwenye nyumba akiwa hayupo, huku kamera ikimtazama. Tangu hodi mpaka hapo, ni safari ndefu.

Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipowafungia watu majumbani, tatizo likatoweka kwa miezi michache. Kila mlango ukawa na mtu. Hapakuwa na ushahidi mzuri zaidi ya huo kwamba ubovu haukuwa wa malori wala wa vifurushi.

SISI NA S.L.P.

Sasa msomaji wa hapa Tanzania atasema, hayo ni ya kwao. Kwetu ni kinyume. Wao mlango una anwani lakini hauna mtu. Sisi mlango una mtu, tena watu tele, lakini kwa miaka mingi haukuwa na anwani.

Ndiyo maana tukawa taifa la Sanduku la Posta. Tangu ukoloni, kupitia Posta ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977, kupitia Posta na Simu, hadi Shirika la Posta lililoanza peke yake mwaka 1994, kwa watu walio wengi barua haikuja nyumbani. Iliingia kwenye kisanduku chenye namba na ufunguo, na mara nyingi kisanduku chenyewe kilikuwa cha shule, cha parokia, cha msikiti au cha ofisi ya mjomba. Kijiji kizima kilisoma barua zake kwa hisani ya S.L.P. ya mwalimu mkuu.

Je, sisi tulimkwepa yule mwenye kusubiri? Hatukumkwepa. Tulimpa jina, tukamwita tarishi. Zamani tarishi alikuwa mpiga mbio anayechukua barua kwa miguu kutoka boma hadi boma. Baadaye akawa yule mzee wa ofisini mwenye baiskeli, ambaye kila asubuhi huenda posta na ufunguo mkononi. Ofisi ilimlipa mshahara kwa sababu ilijua kufuata barua ni kazi. Kwa hilo, nadhani, tuliwazidi Waingereza. Lakini mtu asiye na tarishi? Huyo akikuta kikaratasi kisandukuni kwamba ana kifurushi dirishani, ilimpasa aende na kitambulisho, apange foleni, asubiri watu wa forodha wakifungue, na yote hayo saa za kazi. Mwalimu wa shamba alipoteza siku nzima na nauli ya kwenda na kurudi. Kwa hiyo usumbufu ni ule ule, ila kwao mguu ulikuwa wa mletaji, kwetu ukawa wa mpokeaji.

Vijana wa leo tumevuka hapo kwa basi na bodaboda. Mzigo unatoka Mwanza au Arusha kwa basi la usiku, namba ya simu imeandikwa juu kwa kalamu nene, unafika stendi, bodaboda anauchukua. Simu yako ndiyo anwani yako. Mimi nauza katika duka la vifaa vya shule, na simu hiyo hunikuta ninahesabu daftari mbele ya wateja. "Bosi, niko hapa kwenye mwembe, nyumba ipi?" Tajiri wangu ananitazama. Namwambia bodaboda kwa sauti ya chini, mpe yule mama anayeuza vitumbua. Naye mama vitumbua, mikono ina unga, anafuta kwenye kanga, anapokea. Kwa wiki anapokea ya watu watano, sita. Hakuna anayemlipa. Tunamwambia "asante mama", tunanunua vitumbua viwili, basi.

Mwaka 2022 serikali iliendesha Operesheni Anwani za Makazi, nyumba zikapewa namba na mitaa ikawekewa vibao, kabla ya Sensa ya mwezi Agosti mwaka ule. Ni jambo jema, nami nalifurahia: gari la wagonjwa litaipata nyumba, na vifurushi pia. Lakini tuijue historia kabla ya kushangilia. Kibao kinasema nyumba iko wapi. Hakisemi nani yumo ndani saa nne asubuhi.

Katika nyumba nyingi za mijini jibu tunalijua. Yumo dada wa kazi. Ana miaka kumi na minane, pengine hajafika hiyo, ametoka Iringa au Singida, ameacha sufuria jikoni na mtoto wa watu mgongoni, anakimbilia getini kwa kuwa kuna honi ya pikipiki. Anatia sahihi kwenye simu ya mletaji kwa kidole. Kifurushi kina jina la mama mwenye nyumba. Yule wa London wa mwaka 1883 alifanya hivyo hivyo, isipokuwa alifuta mikono kwenye aproni.

Sisi tunaoota kuandika riwaya huwa tunaanza na barua inayofika, kwa kuwa ndani yake mna habari: mchumba amekataa, baba amefariki, mtoto amefaulu. Tunamfuata aliyeandikiwa, tunaingia naye chumbani, tunalia naye. Aliyefungua mlango tunamwacha pale pale getini. Wanahistoria nao wamefanya hivyo. Wametuachia bei ya stempu, uzito wa mzigo na tarehe, na ndizo nilizozitumia hapa. Jina la msichana wa kwanza aliyeitikia hodi ya kifurushi, ile tarehe 1 Agosti 1883, halimo popote. Na wa kwetu, aliyeitikia asubuhi ya leo, ni nani anayelijua jina lake lote, la kwake na la baba yake?